Tovuti Haifunguki, Intaneti Ipo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu DNS

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tangu wiki iliyopita kompyuta ya ofisi ya taaluma imegoma kufungua tovuti moja tunayojazia taarifa za wanafunzi. Kila tukijaribu, kivinjari cha Chrome kinatuandikia DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Tovuti nyingine zote zinafunguka, na simu yangu inaifungua hiyohiyo iliyogoma nikitumia bando langu. Fundi ametushauri tuweke namba 8.8.8.8 kwenye kompyuta zote za shule. Je, tukubali?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, msiharakishe. Namba hiyo ni ya huduma ya umma ya Google inayojibu maswali ya DNS, yaani mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba, tangu Desemba 2009, nayo ni huduma nzuri, lakini fundi wenu ametoa dawa kabla ya kupima. Maelezo uliyotuandikia yanatosha kuondoa nusu ya washukiwa hata kabla hujagusa kompyuta.

Ujumbe wenyewe unasema mengi. Kompyuta haiendi kwenye tovuti kwa kutumia jina; hulipeleka jina hilo kwa seva ya DNS, ambayo kwa kawaida ni ya kampuni inayowauzia intaneti, na seva hiyo ikiwa haina jibu karibu huuliza seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya mfumo huo, ikaelekezwa kwa seva zinazotunza, kwa mfano, majina yote yanayoishia na .tz, kisha kwa seva ya mwenye jina, mpaka ipate namba ya mahali tovuti ilipo. Herufi NXDOMAIN zina maana kwamba seva imeulizwa na imejibu, na jibu lake ni kuwa jina hilo halipo duniani. Hali hiyo ni tofauti kabisa na seva kunyamaza. Ingekuwa intaneti imekatika au ruta imezima, msingepata jibu lolote, na Chrome ingeandika ujumbe mwingine. Tena, simu yako ikitumia bando inauliza seva ya kampuni ya simu, na inapewa namba bila shida, kwa hiyo jina lipo. Kinachobaki ni kumtafuta anayewapa ninyi jibu lisilo sahihi.

Kabla ya yote, linganisheni anwani herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye simu, mkiangalia hasa www mwanzoni. Baadhi ya taasisi zimesajili njia moja tu, yenye www au isiyo nayo, na anayeandika ile nyingine huambiwa kwa haki kabisa kuwa jina halipo.

Anwani ikiwa sahihi, unganisha simu na Wi-Fi ya shule, zima data ya simu, na kama umewahi kuweka DNS ya faragha kwenye simu hiyo, izime pia kwa muda, la sivyo simu itaendelea kuuliza seva yake na kipimo hakitakuwa na maana. Tovuti ikifunguka, kasoro imo ndani ya kompyuta. Isipofunguka, kasoro iko kwenye ruta au kwa kampuni inayowauzia intaneti, na hakuna sababu ya kuendelea kuisumbua kompyuta.

Kisha fungua kidirisha cha amri cha Windows (Command Prompt) na uandike nslookup, uache nafasi, ufuatishe jina la tovuti. Mistari miwili ya kwanza itakuonyesha seva iliyoulizwa, na watu wengi huipita bila kuisoma, ingawa mara nyingi jibu limo humo. Rudia amri hiyohiyo ukiongeza 1.1.1.1 mwishoni, baada ya nafasi, ili swali lipelekwe kwa seva ya umma ya kampuni ya Cloudflare badala ya seva yenu. Kama seva yenu inasema Non-existent domain na ya Cloudflare inatoa namba, mmempata mhusika. Zimeni ruta na kuiwasha tena, kwa kuwa ruta nyingi huhifadhi majibu, na hali isipobadilika, wapelekeeni kampuni yenu picha za majibu yote mawili. Ni vigumu kwa mhudumu kuwaambia “jaribuni kesho” akiwa na ushahidi wa namna hiyo.

Kama nslookup inatoa namba kwa njia zote mbili huku Chrome ikikataa, angalieni ndani ya kompyuta. Amri ya nslookup huuliza seva moja kwa moja, bila kupitia majibu ambayo Windows imeyahifadhi, kwa hiyo andikeni ipconfig /flushdns ili kuyafuta, halafu mwingie kwenye mipangilio ya usalama ya Chrome kuona kama kuna aliyeiwekea DNS salama ya huduma nyingine. Faili la hosts, yaani orodha ya majina na namba iliyo ndani ya kompyuta, ambalo mafundi hupenda kulilaumu, silishuku hapa: lingekuwa na kosa, kompyuta ingepewa namba ya mahali pasipo sahihi, na ujumbe usingekuwa NXDOMAIN.

Kuna jambo moja katika barua yako linalonifanya nisite. Jibu la “halipo” huhifadhiwa na seva kwa dakika au saa kadhaa, na wiki nzima ni muda mrefu mno. Ningeuliza kama shule imeweka huduma ya kuchuja tovuti zisizofaa kwa wanafunzi, kwa kuwa baadhi ya huduma hizo hujibu hivyohivyo kwa jina lolote zinalolizuia, hata likizuiwa kimakosa. Ningeangalia pia kama seva iliyotajwa kwenye mistari ile miwili ni ya ruta yenu au ya kampuni yenu kweli. Programu hasidi iliyoitwa DNSChanger ilibadilisha mpangilio huo kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani. Wahusika walipokamatwa Novemba 2011 katika operesheni ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilibidi seva halali ziwekwe kwa muda mahali pa zile za wahalifu, na hizo za muda zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, waliokuwa hawajasafisha kompyuta zao walibaki na intaneti isiyofungua tovuti hata moja. Mkikuta namba msiyoifahamu, badilisheni nywila ya ruta kabla ya jambo lingine lolote.

Ushauri wa fundi ningeuacha uwe wa mwisho, hasa kama shule ina seva ya ndani inayofikiwa kwa jina. Google haiyajui majina ya ndani ya shule yenu, na mtakuwa mmefungua tovuti moja huku mkiifunga seva yenu wenyewe.

SWALI: Tuna nyumba ya wageni Paje. Tumehamishia tovuti yetu kwa kampuni nyingine, na sasa wageni wa Ujerumani wanaiona mpya, sisi tunaona ya zamani, na barua pepe haziingii. Kampuni inatuambia tusubiri saa 48.
Bi. M., Paje

JIBU: Bibi, kuhusu tovuti wana haki, lakini kuhusu barua pepe sikubaliani nao. Kila rekodi ya DNS ina muda wa kuhifadhiwa unaohesabiwa kwa sekunde, na 86,400, yaani siku nzima, ni kiasi cha kawaida. Seva ya kampuni yenu ya intaneti bado inashikilia namba ya zamani, na itaiachia muda huo ukiisha. Wangeushusha hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, msingesubiri hivi. Barua pepe hufuata rekodi yake ya peke yake, iitwayo MX, na wanaohamisha tovuti huisahau mara kwa mara. Kwenye kidirisha cha amri cha Windows, andika nslookup -type=mx, kisha jina lenu, kisha 1.1.1.1 ya Cloudflare, ukiacha nafasi kati yake. Kama 1.1.1.1 haionyeshi seva yoyote ya barua, kusubiri hakutasaidia. Waambieni waiongeze leo. Huduma ya zamani msiifunge mpaka wiki ipite.

SWALI: Simu yangu ya Android hufanya kazi vizuri nyumbani, lakini kwenye Wi-Fi za hoteli huandika kuwa imeunganishwa bila intaneti.
Msafiri, Mombasa

JIBU: Je, uliwahi kuweka jina la huduma ya kuzuia matangazo kwenye DNS ya faragha? Mpangilio huo, uliokuja na Android 9 mwaka 2018, huilazimisha simu iulize seva hiyo tu, kupitia mlango (port) namba 853, ambao mitandao mingi ya hoteli huufunga mpaka mgeni aingie kwenye ukurasa wa kukubali masharti. Na ukurasa wenyewe huenda usifunguke ikiwa simu imekataa kuuliza seva ya hoteli. Rudisha mpangilio kuwa wa kiotomatiki, ingia, kisha uurejeshe kama ulivyokuwa. Mlango ukibaki umefungwa hata baada ya kuingia, utalazimika kuuacha kwenye otomatiki mpaka uondoke hotelini.