Kutuma SMS ukiwa kwenye kompyuta

Ndugu, umeuliza utatumaje SMS za Android yako kutoka kompyuta, nyumbani Linux, ofisini Windows. Tumia Google Messages, programu ya meseji ya Google, kwa sababu inafanya kazi ndani ya kivinjari (browser), iwe Linux au Windows. Kwenye kompyuta fungua messages.google.com/web, kisha kwenye simu ingia kwenye programu hiyo, gusa picha yako juu kulia, chagua kuunganisha kifaa, na uskani msimbo wa QR (ule mraba wa vidoadoa) ulio kwenye skrini ya kompyuta. Simu ibaki imewashwa, ina intaneti. Meseji zinatoka kwenye laini yako na gharama yake inakatwa kama kawaida.

Nakusihi jambo moja: kompyuta ya ofisini mnaitumia wengi, basi usiiache imeunganishwa ukiondoka. Namba za uthibitisho za benki huingia humo humo, na yeyote aliyekaa kwenye kiti chako atazisoma.