Kabla ya Kubadilishana Kipa, Uliza Mkataba Umebakiza Miaka Mingapi

Katika ligi ya fantasi ya hoki ya barafuni ninayocheza na wenzangu kazini, tunafuata kikomo cha mishahara (jumla ambayo klabu hairuhusiwi kuipita) kilekile cha NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na kila anayeniletea ombi la kubadilishana makipa huanza kwa kunionyesha asilimia ya mashuti ambayo mtu wake ameyaokoa. Ushauri wangu ni kuiweka takwimu hiyo kando kwanza, kwa sababu kiwango cha kipa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, ilhali mkataba wake haubadiliki.

Tazama biashara ya Juni 2024, klabu ya Boston ilipompeleka kipa Linus Ullmark kwa klabu ya Ottawa. Ullmark, aliyetwaa Vezina, tuzo ya kipa bora wa NHL, mwaka 2023, alikuwa amebakiza msimu mmoja wa dola milioni 5. Boston ilipokea kipa Joonas Korpisalo, mshambuliaji Mark Kastelic na nafasi ya 25 ya uteuzi wa vijana, ambayo awali ilikuwa ya Boston yenyewe. Korpisalo alikuwa ameokoa asilimia 89 tu ya mashuti, tena mkataba wake wa dola milioni 4 kwa mwaka ulikuwa umebakiza misimu minne. Ottawa ilikubali kubeba milioni 1 kati ya hizo kila mwaka, kwa hiyo nafuu ya Boston kwa makipa hao wawili ilikuwa milioni 2 pekee, na kwa msimu mmoja tu. Misimu mitatu iliyofuata ilibaki na mzigo wa milioni 3 ambao Ullmark asingeuacha. Ukiichora hesabu hiyo mwaka kwa mwaka kwenye karatasi, utaona kwamba klabu hizo mbili zilibadilishana muda zaidi ya vipaji.

Kanuni ya NHL inaruhusu klabu inayouza iendelee kubeba hadi nusu ya mshahara wa mchezaji, lakini kwa mikataba isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo anayekubali kukubebea fungu anatumia kitu adimu na ana haki ya kulipwa kwacho. Asiye na nafasi chini ya kikomo hulipia zaidi: Julai 2021 Vegas ilimtoa Marc-André Fleury, mshindi wa Vezina wa msimu huohuo, bila kupata mchezaji wa kikosi cha kwanza, ili tu iondokane na milioni zake 7.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kipa anayebaki. Boston ilimwachia Ullmark aondoke huku kipa wao kijana Jeremy Swayman akiwa hajasaini mkataba mpya, na wakala yeyote angejua kwamba klabu haina tena mahali pa kukimbilia. Swayman alikosa kambi nzima ya maandalizi, akasaini Oktoba kwa milioni 8.25 kwa mwaka, kisha akamaliza msimu akiwa na asilimia 89.2. Anayebaki asainishwe kwanza, hata kama kusubiri huko kutampunguza bei kidogo yule anayeuzwa.