Jibu: Je, ni Wanormani walioua ufalme wa akina Ua Conchobair?

Mkuu, umeuliza kama ufalme wa Connacht, uliotawaliwa na ukoo wa Ua Conchobair magharibi mwa Ireland, uliangushwa na Wanormani peke yao, yaani wapiganaji wenye asili ya Normandia (Ufaransa) waliovuka kutoka Uingereza na Wales. Mimi nasema hapana, nyumba ilishaanza kuliwa na wenyewe.

Mfalme Toirdelbach Ua Conchobair, aliyetawala kuanzia 1106 hadi 1156, aliujenga hasa: madaraja na ngome kwenye mto Shannon, mashua za vita, na mbinu ya kumegamega falme jirani zisipate nguvu. Lakini aliacha watoto wa kiume lukuki, na kwa desturi yao hakukuwa na mrithi mmoja wa moja kwa moja. Ndugu, mwana, hata binamu, wote walikuwa na haki ya kugombea.

Mwanawe Ruaidrí akawa mfalme mkuu wa Ireland mwaka 1166. Mwaka huohuo Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster mashariki mwa Ireland, alifukuzwa, akaenda kutafuta askari ng'ambo. Hao askari ndio Wanormani, na ndivyo walivyoingia Ireland. Ila angalia 1177: aliyewaongoza Wanormani kuingia Connacht ni Murchad, mtoto wa Ruaidrí mwenyewe! Wenyeji wakachoma vyakula vyao na hata makanisa, wavamizi wakarudi na njaa. Baba akamtoboa mwanawe macho.

Ruaidrí akafa 1198, ameshang'olewa madarakani. Bwana wa Kinormani, Richard de Burgh, aliiteka Connacht 1235, na 1316 mfalme Feidlim Ua Conchobair akauawa vitani huko Athenry, mji wa Connacht. Mwaka 1384 ukoo ukagawanyika pande mbili, kila upande na mfalme wake.