Shangazi, dezati rozi langu limepukutika majani yote, limekufa?

Mwezi huu meseji zilizoingia nyingi zinaulizia mmea mmoja tu, waridi la jangwani, lile ambalo wauza miche wa barabarani wanaliita dezati rozi, lina kitako kinene chini kama kiazi na maua ya pinki juu. Kwa hiyo leo ukurasa wote nimempa huyu. Nimelipanda miaka mingi na nimelizika zaidi ya mara moja, naongea kitu ninachokijua.

*Shikamoo shangazi. Mi niko Shangani, Mtwara mjini. Mwezi wa saba nilienda Dar kwenye harusi wiki tatu, narudi nakuta dezati rozi langu halina hata jani moja, vijiti vitupu. Jirani anasema limekufa ning'oe nipande kitu kingine. Nimelimwagilia asubuhi na jioni wiki ya pili sasa lakini wapi, halichipui. Nifanyeje? Mama Pacha*

Marahaba mwanangu. Kwanza acha hayo maji, kuanzia leo, usisubiri umalize kusoma ndo uache.

Ua lako halikufa uliposafiri. Lilikosa maji, upepo wa kusi ukalikausha, likaona bora liangushe majani kwa sababu jani ndo linalopoteza maji, na maji yaliyobaki likayafungia kwenye kile kitako. Sisi watu wa Kusini jambo hili tunalijua toka utotoni ila hatulihusishi na maua ya chungu. Panda bajaji hapo mpaka Mikindani mwezi wa nane uitazame mibuyu, mitupu kabisa haina jani, na hujawahi kusikia mtu anachukua shoka anasema mbuyu umekufa. Unasubiri mvua. Na dezati rozi ni hivo hivo, huku Afrika Mashariki ni kwao kabisa, linaota lenyewe porini kwenye nchi kavu, kwa hiyo kiangazi cha Mtwara cha mwezi wa sita mpaka wa kumi haliwezi kukishangaa.

Hatari imeanza uliporudi. Mmea usio na majani haunywi, sasa wewe unamimina mara mbili kwa siku, yale maji yanakaa tu kwenye udongo, mizizi inakosa hewa, ukungu unaingia, kitako kinaoza kutokea chini na juu huoni kitu. La kwangu la kwanza lilikuwa na miaka minne, liko kwenye chungu cha saruji chenye tundu moja tu na lenyewe limeziba, mimi kila jioni na kopo langu la maji. Siku moja nikashika tawi nilisogeze kidogo nifagie, mmea mzima ukaja mkononi. Chini palikuwa rangi ya kahawia, laini, panatoa maji na harufu ya muhogo uliovunda. Niliumia sana, na hadi leo nikisikia mtu anasema "kila siku nalimwagilia" moyo unashtuka.

Sasa fanya hivi, kibonyeze kitako kwa dole gumba pande zote. Kikiwa kigumu kama kiazi kibichi, uko salama, libebe uliweke sehemu ya jua isiyonyeshewa na uliache. Kikibonyea kidogo pande zote sawasawa kama mpira uliopungua upepo na udongo umekauka, hiyo ni kiu, lipe maji mara moja ya kushiba yatoke chini halafu usubiri. Lakini kikiwa upande mmoja kimelegea, ngozi imeweusika na pana majimaji, hapo limeoza na inabidi ulitibu leo. Ling'oe, kung'uta udongo wote, chukua kisu kikali ulichokifuta kwa spiriti, kata sehemu yote mbovu mpaka ufike nyama nyeupe safi isiyo na doa hata moja, maana ukiacha doa dogo kwa huruma litaendelea kula. Kwenye kidonda pakaa salfa ya unga, ile ile ya kupulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, huku kwetu haikosekani nyumbani kwa mtu, ila usiivute puani. Kisha lining'inize kivulini penye hewa wiki moja mpaka mbili, kidonda kikauke kiwe kama kigaga, ndo ulipande kwenye udongo mkavu, na kumwagilia uanze wiki nyingine mbele. Najua inatisha kuona mmea umekaa nje ya udongo siku zote hizo. Linavumilia, lina akiba yake.

Kama bado huamini lina uhai, kwaruza ngozi ya tawi kwa ukucha, kidogo tu. Chini ukiona kijani, mwambie jirani aje aone.

Kwa chungu kikubwa kisicho na majani kikombe kimoja cha maji kila wiki mbili au tatu kinatosha. Mwezi wa kumi na moja kuelekea wa kumi na mbili joto likipanda utaona kwenye ncha za matawi kuna vidoti vyekundu kama ncha ya kalamu, hayo ndo majani yanakuja, hapo sasa anza kumwagilia kawaida, udongo ukikauka ndo unarudia. Na usishangae maua yakitangulia kabla ya majani, huwa inatokea, na kwa macho yangu hapo ndo linakuwa zuri kuliko wakati wowote.

*Shangazi habari za kazi. Niko Lindi, Mikumbi. La kwangu mwaka wa pili lina majani mazuri ya kijani kweli kweli lakini ua hata moja hamna. Nimeliweka chini ya mwembe lisiungue, na kila mwezi nalitilia urea. Tatizo nini?*

Mwanangu, tatizo ni mwembe na urea. Urea inakuza majani, ndo kazi yake, nawe majani unayo tele. Iache, tumia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kidogo tu mwanzoni mwa mvua, au mbolea ya NPK, ile ambayo kwenye mfuko namba ya kwanza sio kubwa kuliko zingine. Na jua, hili ni mmea wa jua, angalau masaa sita kwa siku. Ila usilitoe kivulini ukalitupa juani siku hiyo hiyo maana kitako kinababuka kama mtu, anza na jua la asubuhi wiki moja, mbili, halafu ndo ulipeleke mazima.

Halafu likate. Watu wanaogopa kukata kwa sababu linakua taratibu, lakini maua yanatokea kwenye ncha za matawi mapya, sasa kama lina matawi matatu marefu una ncha tatu tu, ukikata kila tawi libaki nusu, pale ulipokata vinatoka vichipukizi viwili au vitatu, hesabu mwenyewe. Mi nakata mwezi wa kumi mwishoni, kabla ya mvua, kidonda kikauke wakati hakuna unyevu. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, utomvu wake sio wa kuchezea, nitalieleza hili hapo chini.

*Mimi ni kijana niko Masasi nataka kuanza kuuza miche. Rafiki alinipa vijiti nikachomeka vimeshika lakini mwaka sasa havinenepi chini. Nimetapeliwa?*

Hujatapeliwa, kijiti ndivyo kilivyo. Kinatoa maua mapema na rangi ni ile ile ya mama yake, ila kile kitako cha duara ambacho wateja wanakilipia hela hakipati vizuri. Kitako kinataka mbegu. Tafuta mmea wenye maganda, yanakaa mawili mawili kama pembe za mbuzi, na yakianza kubadilika rangi yafunge kwa uzi au kipande cha neti ya mbu, maana yakipasuka kila mbegu ina manyoya huku na huku, upepo unabeba zote na hutaona hata moja. Panda mbegu mbichi za msimu huo, zilaze juu ya mchanga uzifunike kidogo tu, ndani ya wiki nyingi zitakuwa zimetoka. Ua unaanza kuliona baada ya mwaka au zaidi, na rangi huwezi kuahidi mteja maana mbegu haifuati mama. Ukitaka vyote viwili, kitako kizuri na rangi unayoijua, jifunze kubebesha, yaani chini shina la mbegu lenye kitako, juu yake unaunganisha tawi la rangi unayotaka.

Udongo wangu ni makopo mawili ya mchanga mnene wa mtoni, moja la pumba za mpunga zilizochomwa, moja la samadi iliyooza. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Ukitumia ndoo za rangi, toboa matundu mengi kwa msumari wa moto, sio moja.

*Shangazi, ni kweli hili ua ni sumu? Nina mtoto wa mwaka na nusu na mbuzi wawili. Nachingwea.*

Ni kweli. Utomvu wake ukiingia mwilini unadhuru mapigo ya moyo, na zamani sehemu nyingi za Afrika wawindaji walikuwa wanaupaka kwenye mishale. Sisemi ulitupe, ila kwa nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni liweke juu asikofika, au subiri akue kwanza. Matawi uliyokata usiyatupe kwenye jalala ambalo mbuzi wanapita, yachimbie. Ukimaliza kazi nawa kwa sabuni kabla hujashika macho. Na mtoto akitafuna hata jani, mpeleke hospitali muda huo huo ukiwa na kipande cha mmea mkononi, usianze kujaribu maziwa sijui nini.

*Vidudu vya njano vimejazana kwenye vichanga vya maua, maua yanatoka yamejikunja. Newala.*

Hao ni vidukari. Maji lita moja, sabuni ya kipande ikwangue kijiko kimoja, koroga iyeyuke, puliza jioni jua likishapoa na upulize mpaka chini ya majani, rudia baada ya siku nne. Angalia na sisimizi kama wanapanda, huwa wanawalinda vidukari wapate ule utamu wao, kwa hiyo ukiona wanarudi kila siku tafuta kichuguu chao kwanza.