Kapsuli za polifenoli, bakteria wa utumbo na sukari iliyo mpakani: jibu langu refu

Mkuu umeuliza kama ununue zile kapsuli za dondoo la mimea pamoja na probaiotiki (bakteria hai wa kumeza) kwa sababu HbA1c yako, kile kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi kama mitatu, imesoma asilimia 6.0 na muuzaji amekuambia polifenoli zinaingia moja kwa moja kwenye damu "kuamsha insulini". Naona wengi wanakujibu ndiyo au hapana tu, mi naomba nijibu kwa urefu maana njia hii naipita mwenyewe. Mimi na mke wangu wote tulikutwa kwenye kile kipande cha 5.7 mpaka 6.4 kinachoitwa hatua ya kabla ya kisukari (ukigusa 6.5 na ikarudiwa ikawa hivyo hivyo ushaingia), tukaanza kula chakula kimoja, chungu kimoja, tukitegemea majibu yanayofanana. Hayakufanana. Na sababu ya kutofanana ndo jibu la swali lako.

Tuanze na hilo la kuingia moja kwa moja kwenye damu. Polifenoli ni ukoo mkubwa wa kemikali ambazo mmea unajitengenezea kwa shida zake wenyewe, kujikinga na jua, wadudu, ukungu, kujipa rangi. Ule ukakasi wa chai ukiiacha majani muda mrefu, uchungu wa kakao, weusi wa zabibu, ngozi nyekundu ya kitunguu, humo zimejaa. Sasa nyingi ni molekuli kubwa au zimeshikana na sukari kiasi kwamba utumbo mwembamba hauziwezi, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba asilimia 90 hadi 95 zinapita zilivyo mpaka utumbo mpana. Kuna kipindi watu waliona basi hizo zimepotea, zinatoka na choo. Kumbe kule chini ndo kazi inaanzia, maana kuna matrilioni ya bakteria wenye vimeng'enya ambavyo mwili wa binadamu hauna, wanazikata vipande vipande, na vile vipande vidogo ndo vinanyonywa, vinapita ini, ini nalo linavigeuza tena, halafu ndo viende kwenye damu. Kwa hiyo kinachozunguka mwilini mwako mara nyingi si kile kilichoandikwa kwenye kopo.

Mfano mzuri ni komamanga na jozi. Zina kitu kinaitwa elajitanini, chenyewe hakinyonyeki, bakteria wanakigeuza kuwa urolithini na ndo hizo urolithini watafiti wanazihangaikia kuhusu misuli na mitokondria (vile vinu vya nishati ndani ya seli). Shida ni kwamba si kila mtu ana bakteria wa kufanya hiyo kazi. Kuna watu wanatoa urolithini A, kuna wanaotoa aina nyingine, na kuna ambao hawatoi kitu kabisa hata wakila komamanga kila siku. Soya hivyo hivyo, ina daidzeini, baadhi ya watu bakteria wao wanaigeuza kuwa ekwoli ambayo ina nguvu zaidi, kwa watu wa Ulaya na Marekani ni kama robo mpaka theluthi hivi, kwa jamii za Asia zinazokula soya sana inafika nusu au zaidi. Sasa chukua utafiti wa soya uliochanganya watu wa aina zote mbili bila kuwatenganisha, lazima wastani utoke vuguvugu, af mtu anasoma kichwa cha habari anasema soya haifanyi kitu, mwingine anasema inafanya maajabu, na wote wanaongelea data ile ile.

Ndo maana mimi kapsuli naiona kama kumpelekea mtu mbao wakati hujui kama kuna fundi. Mbao inaweza kuwa nzuri kabisa.

Sasa turudi kwangu na mke wangu. Tulikuwa na glukomita, kile kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu, tukawa tunapima masaa mawili baada ya kula. Wali ule ule, kiasi kile kile tukijitahidi, mimi unanipandisha, yeye unapanda kidogo na kushuka. Shayiri ya uji ambayo kila mtu anaisifia, yeye ndo inampandisha kuliko mimi. Mwanzo nilidhani kimashine kibovu tukabadilishana, wapi. Baadae nikasoma ule utafiti wa Taasisi ya Weizmann kule Israel wa mwaka 2015, watu 800 wamefungwa vipimo vya sukari vya kukaa mwilini wiki nzima, na walikuta hicho hicho, chakula kimoja watu tofauti sukari inapanda tofauti kabisa, na walipoweka taarifa za bakteria wa utumbo pamoja na vipimo vingine kwenye programu yao iliweza kukisia sukari ya mtu itapandaje. Sisemi bakteria ndo sababu pekee, kuna usingizi, uzito, misuli, dawa, hata ulichokula mlo uliopita. Ila orodha za "vyakula vya mgonjwa wa sukari" zinazosambazwa kwenye magrupu tangu hapo nazitazama kwa jicho la pembeni.

Upande wa pili wa hii habari ambao wauzaji hawausemi vizuri ni kwamba polifenoli nazo zinabadilisha bakteria. Baadhi ya bakteria zinawabana, wengine zinawapa nafasi. Anayetajwa sana ni Akkermansia muciniphila, aligunduliwa Wageningen Uholanzi, akatangazwa 2004, huyu anaishi kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo na anakula huo ute wenyewe, ambavyo ukisikia unaona kama adui lakini inaonekana akiwepo ukuta unakaa imara zaidi. Na ukuta ni ishu kubwa sana kwenye sukari kuliko watu wanavyofikiri, maana ukilegea vipande vya maganda ya bakteria vinapenya kwenye damu, kinga ya mwili inashtuka, kunakuwa na uvimbe wa chini chini usiouma, na ule uvimbe unafanya ini na misuli zisiisikie insulini vizuri. Panya waliolishwa mafuta na sukari nyingi wakapewa dondoo la kranberi walinenepa kidogo kuliko wenzao, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi na Akkermansia wakaongezeka, hiyo ni 2015, watafiti wa Quebec Kanada. Lakini panya ni panya. Kwa binadamu, 2019 Wabelgiji waliwapa watu wenye uzito mkubwa huyo bakteria mwenyewe kwa miezi 3, waliomaliza walikuwa 32 tu, na kilichowashangaza wengi ni kwamba aliyepashwa moto mpaka akafa ndo alifanya vizuri kuliko aliye hai, insulini yao ikawa na matokeo mazuri kuliko ya waliopewa kidonge tupu. Ni kautafiti kadogo, mi nakachukulia kama taa ya njano si kijani.

Sasa nyuzinyuzi. Hapa ndo ningependa uweke hela yako na akili yako, maana ushahidi wake ni mzito kuliko wa polifenoli yoyote ile na bahati nzuri vinakuja pamoja, maharage, dengu, nafaka zisizokobolewa, matunda na ganda lake, huwezi kula kimoja ukakosa kingine. Bakteria wakichachusha nyuzinyuzi wanatoa asidi fupi za mafuta, kuna asetati, propionati na butirati. Butirati ndo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Na hizi asidi zinagusa seli fulani za utumbo ambazo zikiguswa zinatoa homoni za kushibisha, mojawapo GLP-1, ndio, hiyo hiyo ambayo sindano za semaglutide, zile za kisukari na kupunguza uzito, zinaiiga. Ila ngoja, kabla hujaenda kuandika kwamba maharage ni sindano ya asili, GLP-1 yako mwenyewe inavunjwa ndani ya dakika kama 2 hivi, ile ya sindano nusu yake bado ipo baada ya kama wiki, kwa hiyo ni vitu vya kufanana jina tu, nguvu haziko sawa hata kidogo na anayekuambia ziko sawa anakuuzia kitu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 limesema mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na gramu 400 za mboga na matunda. Nilipojipigia hesabu nilikuwa chini sana. Nikaanza kupandisha, na hapa nakuonya, panda taratibu. Ukitoka kwenye mkate mweupe ukaingia kwenye bakuli la maharage mchana na usiku utajaa gesi mpaka uogope kukaa na watu, halafu utasema maharage yanakukataa. Hayakukatai, wanaoyala bado ni wachache. Sisi tulianza na vijiko tu pembeni ya chakula cha kawaida, tunaloweka usiku, tunamwaga yale maji, tunapika mpaka yaive kweli kweli, na mwili ukazoea. Kitu kingine nilichokigeuza ni aina, badala ya mboga moja kila siku nachanganya, kabichi leo, mchicha kesho, kitunguu kingi, karanga, ufuta (ufuta na mbegu za kitani zina lignani, aina nyingine ya polifenoli, nazo zinasubiri bakteria wazigeuze), kahawa bila sukari. Utaniuliza kipi kati ya hivi kilishusha sukari yangu. Wakati huo huo niliacha soda na juisi za paketi, nikaanza kutembea baada ya chakula cha usiku, na tumbo likapungua, kwa hiyo yeyote anayejitia kujua ni komamanga asilimia ngapi na kutembea asilimia ngapi anabuni. Mimi nilirudi chini ya 5.7. Mke wangu ameshuka kidogo tu na bado yupo mpakani, chungu kile kile.

Kuhusu kapsuli zenyewe, mbali na habari ya fundi kuna usalama. Shemeji yangu alikuwa anameza kapsuli za chai ya kijani za kupunguza mwili, vipimo vya ini vikapanda, daktari akamwambia aache na vikarudi. Siwezi kuapa ni zenyewe ila haishangazi, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilisema dondoo za chai ya kijani zenye EGCG (polifenoli kuu ya chai hiyo) miligramu 800 au zaidi kwa siku zinahusiana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Kikombe cha chai hakina shida hiyo, ni ule mkusanyiko. Berberini, kemikali nyingine ya mimea, nayo wanaiuza sana kwa watu wa sukari, na kweli inashusha, lakini hainyonyeki hata asilimia 1 vizuri, sehemu ya kazi yake inapitia kwa hao hao bakteria, na inagongana na dawa nyingi, kwa hiyo kama unameza dawa yoyote ya kila siku usiiguse bila kumuuliza daktari au mfamasia.

Probaiotiki sasa. Za kopo sina imani nazo kwa suala la sukari. Kuna utafiti wa 2018 uliowapa watu probaiotiki baada ya antibaiotiki na bakteria wao wa asili wakachelewa kurudi kuliko ambao hawakupewa kitu. Na wale waliohamishiwa bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watu wembamba kule Amsterdam, insulini iliboreka kwenye wiki ya 6, walipokuja kurudia na kuwafuatilia mpaka wiki ya 18 faida ikawa imeyeyuka. Yaani hata ukileta kundi zima la bakteria wapya, usipobadili unachowalisha hawakai. Maziwa ya mgando na vitu vilivyochachushwa mimi nakula, Stanford mwaka 2021 walikuta vinaongeza aina za bakteria na kupunguza alama za uvimbe kwenye damu, ila hapo pia ni watu 36 tu jumla.

Mambo mawili madogo nisiyasahau. Kama una upungufu wa damu usinywe chai na chakula, tanini zinashika madini ya chuma yasinyonywe, mke wangu anakunywa katikati ya milo. Na kama umeandikiwa metfomini, ile dawa ya kushusha sukari, usiiache eti kwa sababu unataka vya asili, hiyo dawa yenyewe chanzo cha wazo lake ni mmea, Galega officinalis, na sehemu ya kazi yake inafanyika huko huko utumboni, inabadilisha mpaka bakteria, kiasi kwamba mwaka 2015 ilionekana baadhi ya mabadiliko yaliyodhaniwa ni alama ya kisukari yalikuwa ni ya metfomini.

Kwa hiyo kapsuli mi nisingenunua. Fanya mabadiliko ya chakula, pima masaa mawili baada ya kula vyakula unavyovila sana ujue vipi vinakupandisha wewe, na HbA1c rudia baada ya kama miezi 3, kabla ya hapo haitakuambia cha maana maana seli nyekundu zinaishi kama siku 120 na nyingi zitakuwa bado zile za zamani. Majibu yakitoka yalete hapa, na useme unatumia dawa gani.