Majani ya chini yameingia manjano, niyakate?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimezaliwa Tanga, sasa naishi Reading, Uingereza. Nina Trachycarpus, ule mti wa jamii ya minazi unaovumilia baridi. Niliupanda katikati ya ukoka miaka minne iliyopita. Tangu Agosti majani ya chini yana madoa ya manjano na ncha zimekauka. Mume wangu anataka ayakate, kisha atie mbolea hii Oktoba kabla baridi haijashika. Marehemu babu alikuwa akitia chumvi kwenye shimo la mnazi. Nami nitie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo aweke mkasi chini.

Mti wako una njaa ya potasiamu, moja ya madini yanayolisha mmea. Mti wa jamii hii ukikosa potasiamu huinyonya kutoka majani makuukuu na kuipeleka juu, kwenye jani changa. Jani la manjano, basi, ni ghala lake. Ukilikata, kesho mti utaanza kunyonya lile la juu yake. Nalisema kwa uchungu: mti wangu wa kwanza, kule Southampton, niliusafisha hivyo kila mwezi nikidhani naupendezesha, hadi ukabaki na majani manne. Kata lililokauka lote tu.

Njaa hiyo nadhani imetoka kwenye ukoka. Mbolea ya nyasi imejaa naitrojeni, na mizizi ya mti imelala humohumo chini ya nyasi, inaila. Mti unasukumwa ukue, potasiamu haitoshi. Ng'oa nyasi mita moja kuuzunguka, utandaze mboji, ila isigusane na kigogo.

Mbolea, si sasa. Udongo ukipoa mizizi hainywi, na mvua za huko zitaichukua yote. Ngojeni Aprili. Tafuta ya punje inayoyeyuka polepole, yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, fosforasi kidogo, na ndani yake magnesi na manganizi. Chuo Kikuu cha Florida, ambako wameichunguza sana miti hii, wanapendekeza 8-2-12 (yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo) pamoja na magnesi asilimia 4. Mimi hutia Aprili na tena mwisho wa Juni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, nikiisambaza duara zima badala ya kuirundika shinani. Halafu maji. Majani yenye madoa hayatarudi kijani. Afya utaiona kwenye yatakayozaliwa, na hilo huchukua mwaka, pengine miwili.

Kuhusu chumvi, babu yako hakukosea hata kidogo. Mnazi ni mti wa pwani na unahitaji klorini; hata Ufilipino wakulima hushauriwa kuutilia chumvi. Lakini huu wako asili yake ni China, Robert Fortune, mkusanyaji mimea wa Kiskoti, aliupeleka Uingereza mwaka 1849, na chumvi itauunguza mizizi. Usitie.

Baridi ya Reading peke yake haitauua, maana ukiwa na afya unavumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Wenye njaa ya potasiamu ndio huumia mapema, kwa hiyo mwaka huu ufunike moyo wake, pale kileleni majani mapya yanapochomoza, usiku wa barafu kali, na asubuhi uufunue upate hewa. Machi ikifika, lishike lile jani changa la katikati, ambalo halijafunguka, ulivute taratibu. Likikaza, subiri mbolea yako ya Aprili. Likichomoka mkononi, moyo umeanza kuoza: niandikie siku hiyohiyo.