Jibu: Kufunga mapanga (mabawa) ya mtambo wa upepo kwenye kitovu, yaani sehemu ya katikati inayozunguka
Ndugu, umeuliza kama bolti moja kwa kila panga inatosha kwenye mtambo wako mdogo huko Urambo, haitoshi. Panga la kilo 1, ambalo uzito wake umekaa nusu mita kutoka katikati, likizunguka mara 400 kwa dakika huvutwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 90, na bolti moja huliacha licheze kama mlango kwenye bawaba. Bana mashina ya mapanga (ncha zake za upande wa kitovu) kati ya sahani mbili za chuma, kwa bolti mbili kila panga (binafsi napendelea tatu), pamoja na washa pana (vile visahani vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati) na nati zenye nailoni ndani, zisilegee. Kwa kuwa umetumia mninga, ambao husinyaa kidogo wakati wa kiangazi cha Tabora, kagua na kukaza tena nati ifikapo Juni. Umbali kati ya ncha za nje za mapanga yote matatu lazima ulingane.